Oili ya Baba Mkwe

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, nikudokeze kwa ufupi, maana mikosi yangu ni mingi na nafasi niliyopewa hapa ni ndogo.

Mimi ni Zablon, dereva wa bodaboda wa Itetemia, Tabora mjini. Pikipiki yangu ya kwanza iliibiwa nikiwa kanisani, tena siku ya kushukuru mavuno. Nikakimbilia kulima tumbaku, bani langu la kukaushia likaungua na majani yote ndani. Hapo mke wangu Recheli akamchukua binti yetu Levina, akarudi kwao, ndani kabisa ya pori la Ipole, akisema amechoka kuolewa na mikosi. Nikapata pikipiki nyingine, nikaifuata ndoa yangu.

Wazee wa ukweni waliniweka kikao. Nilisemwa mpaka masikio yakapata moto. Mwisho baba mkwe, mzee Masolwa, akatamka kwamba amenisamehe, na kwamba Recheli atarudi nami mjini, mradi nionyeshe kuwa ninajua heshima ya ukwe.

Sasa sikilizeni jinsi heshima hiyo ilivyonimaliza.

Kikao kilipofungwa mzee aliingia ndani, akatoka na galoni ya oili ameipakata kama mtoto mchanga.

"Mkwe," akasema, "hii aliniachia shemeji yako Justus alipokuja Krismasi. Ni ya lile gari lake jipya la kule Dodoma. Bei yake usiulize. Nimeitunza chini ya kitanda, hata fundi wa mashine ya kusaga aliiomba nikamnyima. Leo nakupa wewe. Mwaga hiyo nyeusi iliyomo kwenye pikipiki, weka hii, unirudishie binti yangu mjini salama."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasoma maandishi yake. Ilikuwa ya gari kweli.

Ndugu msomaji, kama una pikipiki nisikilize hapa, hata kama mengine yote utayasahau. Gari lina oili ya injini mbali na oili ya gia boksi mbali. Hata zile skuta za akina dada zisizo na klachi ya mkono, gia zake zina oili yake. Lakini pikipiki zetu hizi za kubeba abiria na magunia, injini, gia na klachi vyote vinakula chungu kimoja. Oili yake ni lazima iwe ya pikipiki, ile yenye herufi M na A kwenye lebo.

Oili ya gari jipya ni nyepesi, na imetiwa dawa ya utelezi ili gari lisinywe mafuta sana. Ni nzuri, kwa gari. Ukiitia kwenye pikipiki, utelezi ule unaingia kwenye pleti za klachi, na kazi ya pleti ni kushikana. Pikipiki itanguruma mpaka mbinguni wasikie, lakini tairi la nyuma halina habari. Wengi wanadhani oili ya bei kubwa inafaa kila chombo. Hao ndio wanaowatajirisha mafundi.

Nilijua yote hayo. Bodaboda gani asiyeyajua?

"Asante sana, baba," nikasema. "Umenipa kitu kikubwa. Ila hii iliyomo bado ina nguvu. Nilikuwa nafikiri niitunze yako kwanza, nikifika nyumbani..."

Uso wa mzee ukabadilika.

"Unaikataa?"

Wazee waliokuwa wamebaki kwenye viti wakatazamana. Recheli alikuwa amesimama mlangoni na Levina mgongoni. Alinitupia lile jicho ambalo kila mume analijua.

Kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukweni ukipewa ugali wenye mchanga, unakula, unasema umeiva. Na oili ile haikuwa oili tu. Ilikuwa ndiyo msamaha wenyewe, umewekwa ndani ya galoni. Ningeikataaje mbele ya watu walionikalia kikao kwa sababu ya heshima?

"Siikatai, baba."

"Basi weka nione."

Nikaweka. Nililegeza nati ya chini kwa spana, oili nyeusi ikashuka kwenye sufuria kuukuu. Nikakaza, nikafungua kizibo cha juu. Mzee akavua kofia akaiombea ile galoni: "Ee Bwana, bariki safari ya watoto hawa." Wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina, mnafiki mkubwa, huku namimina.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Asubuhi, kabla watu hawajaamka, niimwage ile ya gari na kuirudisha ile nyeusi kutoka kwenye sufuria. Oili chakavu ya pikipiki ni afadhali mara mia kuliko mpya ya gari. Tukifika Sikonge, mji wa njiani, nitanunua inayostahili, na hakuna atakayejua.

Nikaamka alfajiri. Sufuria ilikuwa tupu, tena imesuguliwa kwa mchanga.

"Unatafuta ile nyeusi?" Mzee alikuwa ameshaamka, mikono yake imejaa weusi mpaka viwiko. "Nimeipaka kwenye nguzo za mizinga yangu ya nyuki. Wale wadudu sungusungu hawatapanda tena kunisumbua. Kwa mfugaji nyuki hakuna kinachotupwa, mkwe!"

Akacheka. Na mimi nikacheka. Ndani yangu nilikuwa nalia.

Nikasema potelea mbali. Tuko watu wawili na mtoto mdogo, nitaendesha taratibu mpaka Sikonge, Mungu atanivusha. Nilikuwa nafunga begi la Recheli kwenye keria niliposikia yowe kutoka kwenye bani la wakwe.

Alikuwa mama mkwe.

Nikueleze kidogo habari zake. Tangu nimuoe Recheli, sikuwahi kusimama na mama yake pamoja. Akija njiani, mimi naingia porini mpaka apite. Akiwa na neno kwangu, anamwambia Recheli, na Recheli ananiambia, hata kama wote watatu tumo kwenye uwanja mmoja. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanapendana kwa mbali.

Alikuwa ameinua gogo la kuni za kukaushia tumbaku. Chini yake alilala kifutu, yule nyoka mnene, mvivu wa kukimbia lakini si mvivu wa kuuma. Alimgonga juu ya kifundo cha mguu. Tulipofika mguu ulikuwa unavimba tukiutazama.

Mzee alipanda juu ya kichuguu, ndipo mahali pekee mtandao unapopatikana pale, akampigia muuguzi wa zahanati. Sauti ya yule dada tuliisikia sote.

"Dawa ya nyoka hapa hatuna. Msimchanje, msimfunge kamba, asitembee kabisa. Mwahisheni hospitali, Sikonge. Fanyeni haraka, baba."

Haraka kwa kitu gani? Njia ilikuwa imeoza kwa mvua, gari lisingefika. Pikipiki za kijiji zote zilikuwa zimewapeleka wanakwaya kwenye kongamano. Ilibaki moja tu, na sote tuligeuka kuitazama.

"Mama, panda," nikasema, nikitazama chini.

Hakunijibu. Alimvuta Recheli sikio.

"Mwambie mumeo mimi sitakaa nyuma yake nimshike kiuno. Heri nife kwa nyoka kuliko kwa aibu."

"Mama, huu si wakati wa..."

"Yaya!" akakata. Hapana yake ikiisha kutoka kwa Kinyamwezi, huwa imetoka.

Basi tukapatana: Recheli akae katikati, mama yake nyuma, wafungwe pamoja kwa kitenge wasidondoke. Levina akabaki kwa jirani. Watu watatu juu ya pikipiki moja, kwenye njia ya mchanga na matope, na oili ya Dodoma tumboni mwake. Nilijua. Nilikuwa najua wakati napiga kiki, nilikuwa najua wakati naingiza gia.

Kwenye tambarare ilikwenda. Nikaanza hata kuomba kwa matumaini. Ukifika kwenye korongo, njia inashuka halafu inapanda. Kushuka tulishuka vizuri. Kupanda, nikafungua mafuta, injini ikapiga kelele ya kupasua masikio, na sisi tukawa tunapungua mwendo. Nikashusha gia. Kelele ikazidi, mwendo ukazidi kupungua. Halafu ikaja ile harufu, harufu ya klachi inayoungua. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Tukasimama katikati ya mlima. Nikashuka nikasukuma, nao wakiwa juu, miguu yangu ikizama kwenye mchanga.

"Imekuwaje?" Recheli akauliza. "Juzi ilikubeba na mzigo wako wote."

"Klachi inateleza."

"Kwa nini iteleze leo?"

Nikajifanya natazama tairi. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kuficha. Nyuma yake mama alikuwa anapumua kwa kuvuta, na mguu wake ulikuwa umejaa mpaka gotini.

"Baba Levina, nakuuliza. Kwa nini?"

"Oili aliyonipa baba ni ya gari. Haifai kwa pikipiki. Inaiua klachi."

Aligeuka akamtazama mama yake, akanirudia mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamimina."

"Nikamimina."

"Kwa heshima."

Nimewahi kutukanwa na askari wa barabarani, na abiria, na mwenye pikipiki. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile neno moja la mke wangu.

Tulikuwa bado hatujamaliza mlima tuliposikia mtu anaita nyuma yetu. Mzee Masolwa alikuwa anakuja mbio za kizee, anakokota baiskeli ambayo tairi la nyuma limepasuka. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka shati limemganda. Kwenye keria alikuwa amefunga ile galoni.

"Nilisikia inavyolia kutoka kule!" akasema, anahema. "Nikajua oili imepungua. Nimekuletea iliyobaki, mwanangu. Ongeza! Ongeza upesi!"

Akaifungua kamba, akanipa kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, na yalikuwa yamejaa machozi.

Nikaishika ile galoni. Nawaambia ukweli, sehemu ya moyo wangu ilitaka kuifungua. Ningemimina kidogo, ningesema asante, nisimvunje mzee moyo siku kama ile. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kizibo.

"Sema," Recheli akaniambia kwa sauti ya chini. "Au nitasema mimi."

Nikaweka galoni chini kwenye mchanga.

"Baba, nisamehe. Hii oili ndiyo inayotuua. Ni ya gari. Kwenye pikipiki inatelezesha klachi. Ukiongeza ndiyo unamaliza kabisa."

Mzee alinitazama kama nimemsemesha kwa lugha ya mbali.

"Jana ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Ulikuwa umenisamehe wakati ule ule."

Alikaa chini pale pale njiani, kofia mkononi. "Nilikupa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilidhani hapo ndipo tutakapokwama, kila mtu na aibu yake, mpaka mama wa watu atufie mikononi. Ndipo niliposikia sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu nizaliwe.

"Zablon."

Nikageuka nikitazama chini.

"Nitazame. Wewe ukiwa peke yako, hiki chombo kinapanda?"

"Kinapanda, mama. Kwa shida."

"Na mtu mmoja nyuma?"

"Huenda kikapanda. Watatu hakiwezi."

"Recheli, shuka. Nifungue."

"Mama..."

"Shuka, nimesema. Mungu anautazama mguu wangu, hatazami aibu yangu."

Recheli akashuka. Akamfungua, akamsogeza, akamfunga tena kwa kitenge kile kile, safari hii akimfunga kwenye mwili wangu. Mikono ya mama mkwe ikanizunguka kiuno. Mzee Masolwa aligeuza uso pembeni, akawa anatazama miti. Wote wawili, mke na baba yake, wakasukuma kutoka nyuma, pikipiki ikalia, ikashika, ikaachia, ikashika. Tukafika juu.

Sikugeuka kuaga.

Niliendesha kama mtu anayebeba mayai. Gia ya pili, mafuta kidogo, nisiiamshe ile klachi hasira. Kila tulipokuta mchanga niliteremsha miguu nikawa nasukuma huku nimekaa. Nyuma yangu mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, pole pole, sauti ikikatika kila tulipopita shimo. Nilifurahi kusikia anaimba. Anayeimba ana pumzi.

"Mama, unaendeleaje?"

"Endesha, mwanangu."

Mwanangu! Miaka yote ile nilikuwa naitwa "mwambie mumeo".

Nikaanza kusikia malori kwenye lami. Lami ikiwa karibu, maisha yako karibu, maana pale halikosi gari la kwenda Sikonge. Ulibaki mlima mmoja wa mwisho, si mrefu, mtoto anaupanda akiimba. Nikafungua mafuta.

Injini ikanguruma. Tairi likasimama.

Nikashusha gia, nikajaribu tena. Moshi ukatoka, harufu ikatufunika, na niliporudi kwenye tambarare, hata huko ilikuwa haishiki tena. Pleti zilikuwa zimekwisha. Niliegemeza pikipiki kwenye mti nikafungua kitenge, fundo likanishinda, nikalivuta kwa meno.

"Mama, naomba nikubebe mgongoni."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Mtu aliyekataa kukaa nyuma yangu kwenye siti angekubali kubebwa kama mtoto? Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumbembeleza.

Hakubisha hata neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikachuchumaa, nikamvuta, nikainuka naye. Sisi Wanyamwezi tuna sifa ya kubeba. Njia hii hii babu zetu walipita na pembe za ndovu mabegani, mwezi mzima, mpaka pwani, na walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa na mwanamke mmoja aliyekonda kwa kazi, na kila hatua ilinitoa jasho. Mchanga ulikuwa unanirudisha nyuma. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka shambani walituona, wakaweka majembe chini, wakaziba midomo. Waliujua uhusiano wetu, maana walikuwa wa kanisa moja na mama. Hawakukimbia kunisaidia. Walisimama kama walioona watu uchi.

"Nisaidieni!" nikapiga kelele. "Ni nyoka! Kimbieni mkasimamishe gari!"

Mmoja ndipo akazinduka, akakusanya kanga yake akakimbia kuelekea lami. Nikasikia lori linafunga breki. Nikasikia yule mwanamke anapiga ukunga. Lilikuwa limesimama! Nililiona, limejaa magunia ya mkaa, dereva ametoa kichwa dirishani. Kutoka pale nilipokuwa, ungeweza kurusha jiwe likafika.

"Mama, gari hilo! Tumefika, mama!"

Wimbo ulikuwa umekoma. Sikujua ulikoma saa ngapi, maana nilikuwa nasikia pumzi zangu tu.

"Mama!"

Nikatikisa bega kumwamsha.

"Mama Justus! Unanisikia?"

Kichwa chake kililala shingoni mwangu, kizito, na joto lake lilikuwa joto la jua tu. Nikafanya jambo ambalo mkwe wa kwetu halifanyi hata akiwa amelewa. Nilimwita kwa jina alilopewa na baba yake, jina ambalo hata mke wangu hajawahi kunisikia nikilitamka. Nililiita kwa sauti yangu yote, mbele ya yule mwanamke, na dereva, na kila aliyekuwa kwenye barabara ile.

"Ng'washi! Ng'washi, itika!"

Mkono wake, uliokuwa umeshika kola ya shati langu tangu nimbebe, ukaachia.